Namba ya Ubaoni

Kampuni ya maziwa ya Nakuru ilipoinunua ile ya nafaka ya Rongai, Chelagat alipewa kazi ya kuunganisha seva mbili zilizotunza majina ya wafanyakazi, barua pepe zao na milango wanayoruhusiwa kufungua. Ile ya Rongai ilikuwa imepangwa na Kemboi, mumewe, kabla hajafariki.

Seva mpya ya pamoja ilikataa kupokea taarifa hizo asubuhi, ikakataa tena baada ya chai. Kila aina ya taarifa lazima iwe na namba yake, isiyotumiwa na nyingine popote. Lakini namba moja iligongana: Rongai, ilikuwa ya jina la baba. Nakuru, namba hiyohiyo ilikuwa ya kadi ya mlango.

"Madam, tutoe tu hii ya Rongai," alisema Jerry, msimamizi wa seva ya Nakuru, mandazi mdomoni. "Jina la baba ni la nini? Mtu si ako na jina lake?"

"Rongai kuna akina Chepchumba wangapi?"

"Wengi tu."

"Na ndugu zao ni Kiplimo na Kiptanui. Kwetu mtoto hupewa jina kwa namna alivyozaliwa. Ukimwondoa baba, utawajuaje?"

"Basi marehemu angeomba namba halali kwa wanaozisajili. Alijitungia tu, kama mtu anaandika magunia ya viazi Kuresoi."

Chelagat aligeukia kompyuta yake. Wanawe walikua wakiambiwa kwamba kazi ya baba yao haikuwa na doa, na aliyewaambia ni yeye. Alifungua mipangilio ya Nakuru akiomba akute uchafu humo. Akaukuta. Namba yao nayo haikuwa imesajiliwa mahali popote.

"Jerry, hii uliitoa wapi?"

"Si ile tulifundishwa na Mwalimu Adero pale mjini."

"Ilikuwa mfano wa ubaoni. Mlikaa darasa moja na Kemboi, mkanakili wote wawili."

Jerry aliacha kutafuna. Chelagat alitaka kufurahi, ikashindikana. Kosa la Jerry halikumsafisha Kemboi hata kidogo.

"Mkurugenzi anataka kujua kwa nini tumechelewa," Jerry alisema polepole. "Tuseme ni marehemu, madam. Yeye hawezi kufutwa kazi."

"Ana watoto wanaoitwa kwa jina lake."

"Na mimi niko na wangu."

"Ndiyo maana tutasema ni wanafunzi wawili wa Adero waliokosea. Ukimtaja mmoja, nitamtaja wa pili."

Jioni hiyo aliomba namba halali za kampuni. Zilipokuja, alianza kusahihisha kumbukumbu za Rongai, moja baada ya nyingine, meno yameumana. Jerry alivuta kiti, akauliza kama amsaidie.

"Hizi niachie," Chelagat alimwambia. "Anza na zako."