Mti Kaupanda Bibi

Ukifika Salale ukauliza nani anayeijua mikoko, utaelekezwa kwa Sijaona, na ukimkuta siku mbaya atakuambia umekosea nyumba. Mjane huyu amekanyaga tope la delta tangu hajaota meno ya pili. Anajua mche upi utashika wapi na upi utaliwa na kaa. Elimu hiyo hakuipata darasani, na ndiyo iliyomponza.

Alikuwa na shamba moja tu la mpunga, aliloachiwa na mama yake. Miaka ya karibuni maji ya bahari yakazidi kupanda mtoni, chumvi ikaingia, mpunga ukawa unakauka kabla ya kuchanua. Sijaona akafanya kama wazee wake: akalipumzisha shamba, mafuriko ya mto yaje yalioshe. Bintiye Hafsa alikuwa amerudi nyumbani kutoka Kibiti na watoto wawili na talaka.

"Ngoja misimu mitatu, mwanangu," Sijaona alimwambia. "Kisha lima wewe. Mimi mgongo umekwisha."

Hafsa akangoja.

Ndipo ulipokuja mradi wa kupanda mikoko, na boti lake la injini. Walisema dunia inachemka kwa moshi, na mikoko inaumeza moshi huo. Sijaona akauliza ni moshi wa nani. Bwana Hemedy, mtaalamu kutoka Dar, akacheka kwa adabu. "Ni wetu sote, mama. Sote ni raia wa mazingira." Sijaona hajapata kumiliki hata pikipiki, lakini aliwakaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Miche yao ya kwanza ilikufa yote, kwa kuwa waliichomeka mchangani. Sijaona akawaonea huruma, na hapo akafanya kosa ambalo mtu wa huku tu ndiye angelifanya. Huku ardhi haina karatasi. Ukipanda mnazi, ukipanda mwembe, pale ni pako. Wajukuu watasema mti huu kaupanda bibi, na hakuna wa kubisha. Sijaona alijua fika kwamba mikoko ya msituni, iliyojiotea, ni ya serikali. Lakini mti wa kupandwa kwa mkono? Shamba lake lilikuwa limelala bila alama, na watu walianza kulitolea macho. Akawaza: nikipanda mbele ya wageni na mwenyekiti wa kijiji, na picha zikapigwa, nani atanipokonya? Zamu ya mpunga ikifika, ya katikati nitaing'oa, ya mpakani itabaki kuwa alama. Akawapeleka shambani mwenyewe, kwa miguu yake.

Wiki mbili aliinama topeni, Hafsa nyuma yake na kikapu cha miche. Karibu yote ilishika.

Mwaka huu wakamwita uwanja wa shule, wakamvika fulana ya kijani, wakampa cheti. Sijaona akashika kipaza sauti, akashukuru, akasema masika yajayo bintiye anaanza kulima, kwa hiyo mikoko ya katikati itang'olewa. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Bwana Hemedy akamvuta pembeni.

"Kulima wapi, mama?"

"Shambani kwangu. Si ulikuwepo?"

"Mama, penye mikoko ni hifadhi. Ukikata hata mmoja utashtakiwa."

"Lakini nimeipanda mimi!"

"Ndiyo maana tumekupa cheti."

Hakusema kwa ubaya, na hilo lilimchoma Sijaona kuliko tusi. Alimwendea mwenyekiti, aliyesimama pale wiki zote mbili akitazama. Mwenyekiti akakuna kichwa. "Nilidhani unajua, dada."

Cheti akakitia chini ya godoro. Moshi waliufukiza wengine, kulipa akalipa yeye, tena akapigiwa makofi.

Hafsa hakumlaumu mama yake, na Sijaona alitamani angemlaumu. Masika yalipokaribia, Hafsa alifunga nguo zake na za wanawe, aende Mtawanya kupalilia mashamba ya watu kwa kibarua. Sijaona akawasindikiza kwa mtumbwi. Walipopita penye shamba, mikoko ilikuwa imeshonana, kijani tupu, inapendeza. Mjukuu wake wa kike akanyoosha kidole.

"Miti ile yote kaipanda bibi," alisema kwa fahari.

Hapakuwa na wa kubisha.