Utani wa Siku ya Mizani

Nilimtania mama mmoja mbele ya watu mpaka akamficha mtoto wake mgonjwa nyumbani, akawa ananiletea mtoto wa mwingine nimpime. Nimeliweka hili mwanzoni kabisa, maana najijua. Mimi ni mtu wa kucheka. Nikianza na ukungu wa asubuhi wa Newala na vituko vya foleni ya hospitali, nitawachekesha, na yule mama atapotea katikati ya kicheko kama alivyopotea siku ile.

Nilizaliwa Nanganga, pale pale barabarani, baba yangu akiwa na kiduka cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Nikasoma Masasi kwa masista mpaka darasa la sita, masomo yakanishinda. Hesabu ikiandikwa ubaoni, mimi nilikuwa natazama dirishani, najiona nimevaa gauni jeupe na kofia ya muuguzi. Basi niliposikia kwamba hospitali moja ya Newala inatafuta msichana anayejua kusoma namba na asiyeogopa kusema na watu, nikapanda lori lililokuwa likienda kuchukua korosho, nikafika huko juu nikiwa nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Namba nilizijua za kutosha, na watu sikuwaogopa hata kidogo.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akichunguza jambo moja. Mama mjamzito akimeza vidonge vya malaria kila wiki mpaka ajifungue, je, mtoto wake anazaliwa na uzito mzuri na kukua vizuri kuliko mtoto wa mama ambaye hakumeza? Akina mama wa vijiji vya jirani walikuwa wamegawanywa mafungu mawili, na watoto wao wakawa wanaletwa hospitali mara moja kwa mwezi mpaka watimize mwaka. Mganga msaidizi aliwatoboa kisigino, akachukua tone la damu la kutazamwa kwenye darubini. Daktari aliwabonyeza tumbo kuona kama bandama limevimba. Kazi yangu mimi ilikuwa mizani, na kuchora mstari wa uzito kwenye kadi ya kila mtoto.

Mizani yenyewe ilining'inia barazani kwenye boriti, ina ndoano, na kwenye ndoano kitambaa cha kumlaza mtoto. Taabu ilianzia hapo. Kila mtu wa Newala alikuwa ameiona mizani ya namna ile, lakini aliiona kwa mnunuzi wa korosho, gunia likining'inia. Kabla sijafika, akina mama waliwakumbatia watoto wao wasitake kuwaachia. Bibi mmoja aliuliza kwa adabu kabisa kwamba, wakishaujua uzito wa mjukuu wake, wanampeleka wapi.

Hofu hiyo niliivunja kwa utani. Sisi watu wa bondeni na wao watu wa juu tulikuwa tumezoea kutaniana. Newala iko juu ya uwanda ambao hauna maji. Wanawake walikuwa wakishuka genge zima mpaka kwenye chemchemi na kupanda tena na mtungi kichwani, nusu ya siku imekwisha. Basi sisi huwaambia kwamba wananawa uso kwa umande. Wao hutuambia kwamba tumeoga mno mpaka akili zimetoka na povu. Na mtani hakasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa siku mbili zaidi.

Siku yangu ya kwanza barazani niliishika ile ndoano kwa mikono miwili nikaning'inia mwenyewe. Mshale ukagonga mwisho. Nikatangaza kwamba mimi ni gunia la korosho za daraja la pili kutoka Nanganga, nani ananunua. Foleni yote ikacheka, na bibi yule aliyeuliza swali akasema daraja la pili nimejipendelea. Tangu hapo watoto nikapewa.

Kila mtoto nikawa na neno lake. Mnene nilimwambia amekunywa maji ya tarafa nzima. Mwembamba nilimuuliza mama yake kama anamlisha ukungu. Namba niliitangaza kwa sauti, kama mnadani. Walikuwa wananijibu, tena wakinishinda mara nyingi, na siku ya mizani ikawa kama ngoma. Daktari akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha taratibu kwamba tangu nije, wanaokosa siku yao wamekuwa wachache, na kwamba kadi zote hizi zitaandikiwa kitabu kitakachokwenda Ulaya. Kwa maneno hayo nilivimba kichwa. Nilikaa nikamwaza mzee mmoja wa Ulaya anafungua kitabu, anasoma ratili za watoto wa Newala, anamwita mkewe aje aone jinsi walivyonenepa. Nikawa nataka mistari yote kwenye kadi ipande.

Yule mama alikuwa wa rika langu, ana mtoto wake wa kwanza, wa kike. Alitoka kitongoji kimoja kwenye njia ya Mnyambe, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na alikuwa katika fungu la waliomeza vidonge. Katika foleni nzima hakuna aliyekuwa na ulimi kama wake. Mtoto alikuwa na kishimo kidogo mbele ya sikio la kushoto, alichozaliwa nacho, kama mtu aliyeguswa na ncha ya sindano. Mara ya kwanza nilipokiona nilimuuliza kama amemtoga mapema ili mahari ipande.

"Nimetoga moja tu, mtani," akasema. "La pili nangoja mtuletee maji ya kumwoshea, nyie mnaoyamwaga."

Nilimpenda pale pale. Ikawa kila mwezi namtafuta kwa macho kwenye foleni, na nadhani naye alikuwa ananitafuta.

Mwezi wake wa tano mtoto alikuwa amepungua. Si sana, mshale ulirudi nyuma kidogo tu, lakini miguu ilikuwa imekuwa myembamba na ngozi ya mapajani inakunjana. Ilinipasa nimwite daktari aje amtazame mara moja. Badala yake nilimtazama yule mama, mdomo ukatangulia.

"Mtani, huyu mfunge jiwe mguuni. Upepo wa leo ukimkuta hapa gengeni, tutamwokota ng'ambo ya Ruvuma."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Yeye naye alicheka, lakini alichelewa. Wenzake walikuwa wameshaanza, naye akaja nyuma yao, huku ameinama anamfunga mtoto mgongoni. Hakunijibu kitu. Nikajiona nimemshinda leo. Daktari alipofika kwenye meza yake, mama alikuwa ameshaondoka, na mimi nikasema tu kwamba safari ni ndefu.

Mwezi uliofuata alikuja na mtoto mnene.

Nilipomlaza kwenye kitambaa, mshale ulipanda mpaka nikapiga kofi. Niliitangaza ile namba kama vile mtoto ni wangu. Daktari alikuja mwenyewe kutazama, akatabasamu, akaniuliza kama nimesoma sawasawa. Nikamwambia nimesoma sawasawa, na ni kweli nilikuwa nimesoma sawasawa. Halafu, katika kumtoa mtoto kwenye kitambaa, kichwa chake kikageuka, nikaliona sikio la kushoto. Lilikuwa sikio zima, halina alama yoyote.

Nilitazama na la kulia, kwa kudhani nimechanganya. Nikamtazama mama. Yeye alikuwa ananitazama mimi, bila kupepesa, amenyoosha mikono kumpokea mtoto.

Nilijua, wala sikudhani tu. Lakini daktari alikuwa bado anatabasamu, watu walikuwa wanapiga vigelegele, na mstari kwenye kadi ulikuwa mzuri, ulishuka kidogo kisha ukapanda kama njia ya kuja Newala. Nikachukua kalamu, nikaandika. Nikajiambia kwamba watoto hubadilika, na kishimo kidogo kama kile kinaweza kuziba. Nilikuwa sijazaa, basi nikajifanya sijui.

Mwezi wa saba alikuja tena na mtoto yule yule mnene. Safari hii sikutania, nilitaka tu apite upesi. Nilipokwisha kuandika, hakuondoka. Alisogea karibu na meza, akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba dawa ya mtoto anayeharisha na kupata homa kila jioni.

Nikamuuliza ni mtoto wa nani.

"Wa jirani," akasema.

"Mwambie jirani amlete."

"Jirani anaona haya."

Mtoto mnene alikuwa anavuta kanga yake, anataka kushuka. Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo moja, nalo lilikuwa fupi. Ningesema, ni mimi niliyekutia haya, mlete wako nitanyamaza. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa inasikiliza, inangoja mtani aseme nini. Nikacheka. Nikasema haya ya nini, mwambie aje, mtani wake hatamla. Wachache wakacheka nami. Yeye akaitika kwa kichwa kama mtu aliyeagizwa chumvi, akaenda zake bila dawa.

Siku tatu sikula vizuri. Nilikuwa kila nikifunga kitambaa cha mizani namwona mtoto mwenye kishimo amelala mahali penye giza, kwa ajili ya mdomo wangu. Siku ya nne nikaingia kwa daktari, nikasimama, nikasema yote, mpaka lile la jiwe mguuni. Hakuelewa utani ule, ikanibidi nimweleze neno kwa neno, na nilipokuwa nikimweleza haukuchekesha hata kidogo.

Akavua miwani. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Mwezi uliopita," nikasema.

Hakunigombeza. Akamwita dereva, akachukua mkoba wake, akaniambia nipande. Njia nzima ya Mnyambe nilitazama mikorosho ikipita, nikiomba kimoyomoyo tusikute watu wamekaa matanga.

Tulimkuta yule mama uani anamenya muhogo. Dada yake alikuwa kando, ananyonyesha yule mtoto mnene, na alipoona gari akamfunika kwa kanga, kama kwamba bado kuna wa kumdanganya. Mwenyewe hakukimbia wala hakuficha kitu. Aliweka kisu chini, akanitazama mimi, si daktari.

"Umekuja kumcheka huku huku?"

Alisema kwa upole, kama anayeuliza habari za safari.

Mtoto alikuwa ndani kwenye mkeka, macho yameingia, ana joto ambalo ulilisikia kabla hujamgusa. Daktari alimbonyeza tumbo akaguna. Tukarudi naye, mama yake nyuma ya gari akimkinga na vumbi kwa kanga yake. Nilimsogezea mtandio wangu. Hakuupokea, wala hakuukataa, akaacha ukae pale kati yetu.

Alilazwa wiki mbili. Alichomwa sindano za malaria na kunyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, na zamu nyingi nilichukua mimi, hata zisizokuwa zangu. Alipona. Nashukuru mno, lakini sikumponya mimi. Mimi ndiye niliyemchelewesha miezi miwili.

Daktari aliniuliza swali jingine ambalo lilinimaliza kabisa. Wengine ni wangapi? Sikujua. Akanituma niende nyumba kwa nyumba nikaulize, na bila utani. Mtoto mwingine wa kuazimwa sikumpata, lakini bibi yule wa siku ya kwanza alinikalisha akaniambia yaliyokuwa yakifanyika. Akina mama wenye watoto wembamba walikuwa wakipita nyuma ya jiko la hospitali kabla ya kuja barazani, wanawanywesha watoto maji mpaka matumbo yanakaza, ili mshale usiwaaibishe. Maji yale ya kubebwa kichwani kutoka bondeni, ambayo mtu mzima aliyapima kwa kikombe, na ambayo hayakuchemshwa. Alisema wala hawakunichukia. Mimi ni mtani wao, wangefanyaje?

Nilimletea daktari habari hiyo. Alikaa nazo kadi zile mezani kwa muda, akazichambua, nyingine akazipiga mstari, nyingine akashindwa kuamua. Ile ya mtoto mwenye kishimo alichora duara kwenye namba zangu mbili, pembeni akaandika neno kwa lugha yake. Sikuuliza maana yake. Kama vidonge viliwafaa watoto wa Newala au havikuwafaa, kadi nilizoandika mimi hazingeweza kumwambia mtu kitu, si yeye wala yule mzee wangu wa Ulaya.

Hakunifukuza. Labda ningepata nafuu kama angenifukuza. Siku ya mizani iliyofuata nilipima kimya, namba nikimwonyesha mama peke yake kwa kidole. Foleni haikuelewa. Mmoja aliuliza kama mtani amefiwa.

Yule mama alikuja mchana, na mtoto wake mwenyewe mgongoni, bado mwembamba. Nilikuwa nimejiandaa wiki ile nzima. Nilikuwa nimepanga nimwambie nisamehe mtani, na nilitumaini atanijibu kwa neno kali la umande au la maji, lolote, nami nitajua yamekwisha.

Akapiga goti kidogo mbele ya meza. "Shikamoo, dada."

Tulikuwa rika moja. Mtani haamkiwi hivyo. Maneno niliyoyapanga yakanipotea, na watu walikuwa wanangoja.

"Marahaba," nikasema.

Akamfungua mtoto. Kabla hajanipa, na bila mimi kumwomba, alimshika kichwa kwa mkono mmoja akakigeuza upande, taratibu, ili nilione sikio la kushoto.