Hilkka na Musi wa Korpivaara

Siku waliyomchagua Hilkka Moilanen kuongoza msako wa musi, wale kulungu wakubwa kama farasi wa misitu ya kaskazini, hapakuwa na mwanamume kijijini Korpivaara aliyeutaka mzigo ule. Kiongozi wa msako ndiye hupanga nani akae wapi na bunduki yake, ndiye hujibu vibali vikitumiwa ovyo, na nyama ikiwa haba ndiye wa kwanza kusemwa. Hilkka alikuwa mpishi wa shule, mjane aliyekwisha kupita hamsini, na si mtu wa maneno mengi. Jina lake lilitajwa mkutanoni na Reijo, mdogo wa marehemu mumewe, na alilitaja kwa mzaha. Hilkka akakubali kabla watu hawajamaliza kucheka.

Walicheka kwa sababu kila mtu alijua kisa chake na musi, wakaona yeye angewamaliza wote. Miaka ya nyuma wanyama wale walijaa msituni hadi wakawa wanakatiza barabara kama ng'ombe wasio na mchungaji. Jioni moja ya Novemba dume lilitokea mbele ya gari la Tauno, mumewe. Musi ana miguu mirefu. Gari likimpiga, miguu hukatika chini na mwili wote huja kuangukia kioo. Tauno alifia palepale. Hilkka, aliyeketi kando yake, alitoka na mkono uliovunjika. Mkono ulipopona akajifunza kulenga shabaha, akapata leseni, na tangu hapo hakukosa msako hata mmoja.

Wakati ule watu wote walikuwa na nia moja: musi wapunguzwe. Madereva walitaka, na wenye mashamba ya miti walitaka zaidi, maana musi akiingia kwenye misonobari michanga wakati wa baridi huila vichwa, mti ukabaki umepinda maisha yake yote. Vibali vikatolewa kwa wingi. Watu wakawinda vuli baada ya vuli, majokofu yakajaa hadi milango haifungiki. Kisha nyayo kwenye theluji zikaanza kuadimika. Mbwa wakawa wanazunguka asubuhi nzima bila kubweka.

Reijo alisema ni mbwa mwitu wanaovuka mpaka kutoka mashariki.

"Nao wamo," Hilkka alimjibu. "Lakini shemeji, mbwa mwitu hana jokofu."

Basi vuli ile ya kwanza ya uongozi wake aliwaomba wasiguse jike hata mmoja. Wachukue ndama wachache na dume mmoja au wawili, na vibali vingine vilale kabatini. Kalervo Huotari, mwenye misonobari mingi kuliko wote, aliinuka akamwuliza kama yeye, mjane wa Tauno, ndiye wa kuwatetea wanyama wale.

"Siwatetei, na sijawahi kuwapenda," Hilkka alisema. "Lakini tukimaliza majike, ndama utazaa wewe?"

Kura zikapigwa, akashinda kwa tofauti ndogo.

Wiki ya pili ya Oktoba, asubuhi ya ukungu, mbwa wa Reijo alibweka ng'ambo ya kinamasi. Ukasikika mlio mmoja wa bunduki. Hilkka akauliza kwa redio ya upepo kilichoanguka ni kipi.

"Jike," alisema Reijo. "Nilidhani ni dume ambalo halijaota pembe. Alikuwa peke yake, shemeji."

Hakuwa peke yake. Hilkka alipofika alimkuta ndama kwenye vichaka vya mibetula, amesimama anamtazama mama yake kule chini, hakimbii. Reijo alikuwa ameketi juu ya kisiki, bunduki ameilaza kwenye nyasi. Ndama asiye na mama hujikokota kwenye theluji mpaka njaa au meno ya mwingine yammalize. Hilkka alilijua hilo, na Reijo pia. Alingoja kidogo kama atamwona shemejiye akiinuka. Hakuinuka. Hilkka akalenga, akapiga mara moja.

Kwenye banda la kuchinjia hakumkaripia. Aliwaambia tu wawindaji wote kwamba msako wa vuli ile umekwisha. Wengine walinung'unika, wawili wakahamia kundi la kijiji jirani. Reijo aliosha visu, akaondoka bila kuaga.

Kwenye karamu ya mwisho wa msako, ambapo wenye ardhi hualikwa kula supu, Hilkka alipika mwenyewe, viazi na karoti tele. Watu waliiita supu ya viazi iliyosimuliwa habari za musi. Hilkka alicheka nao. Reijo hakuja.

Hakuja kwa kahawa pia, yeye aliyezoea kuja kila Jumapili. Mpaka Februari, theluji ilipolemea paa, ndipo Hilkka aliposikia vishindo juu ya kichwa chake. Reijo alikuwa juu na koleo, anaisukuma chini. Hilkka alipika kahawa, akakata mkate, akafungua dirisha.

"Ukianguka sikuzoi," alisema.

"Nikianguka nitakuangukia mlangoni, shemeji, itakubidi," Reijo alijibu, na akashuka.

Miaka ikaenda, musi wakarudi. Majike wakaanza kuonekana na ndama pacha, na Kalervo akaja mkutanoni na tawi lililotafunwa, akaliweka mezani. Hilkka hakubishana naye. Aliomba vibali viongezwe, na safari hii majike wamo. Walioungana naye mwanzo wakamwona kigeugeu. Reijo akamtania kwamba jana wale walikuwa watoto wake, leo anawanolea kisu.

"Jana walikuwa wachache," alisema Hilkka, na akaendelea kugawa vituo.

Aliongoza mpaka nyonga ilipoanza kumsumbua asiweze kuvuka kinamasi. Alimkabidhi kazi mkwe wa Kalervo, mwanamke mwenye mawazo yake mwenyewe, ambaye mwaka wake wa kwanza alipunguza vibali vya ndama akaongeza vya madume. Hilkka aliona anakosea. Lakini mchana wa mkutano wa kulipigia kura jambo hilo, badala ya kwenda kubishana, alikuwa ziwani juu ya barafu, ametoboa tundu lake na kutumbukiza ndoano, akingoja samaki.