Fremu ya Tsanko

Tsanko alikuwa mchinjaji wa shamba la ushirika hapa Berkovitsa, na ngumi zake hazikuchelewa. Harusini alimvunja shemeji yake taya kwa ajili ya wimbo tu. Simsingizii, mimi na mume wangu Gencho tulitenganishwa naye na ukuta mmoja. Ila mama yake, Velika, hakuwahi kumpandishia sauti.

Mdogo wake Tsanko, Lyuben, alipotoroka kuvukia Yugoslavia, walinzi wa mpaka walifyatua risasi, na hakuna aliyetuambia kama zilimpata. Velika akaacha kula. Kila Jumapili mchana stesheni ya redio ya nje ilisoma majina ya waliofika salama, lakini serikali iliirushia mngurumo kutoka mnara wa kilimani ili tusiisikie. Tsanko akatengeneza fremu ya mbao, akaizungushia waya wa shaba na kuiunga kwenye redio. Ukiigeuza taratibu, unafika mahali mnara unanyamaza na sauti ya mbali inabaki. Wengi wetu tulikuwa na fremu kama hizo, tumezificha nyuma ya kabati, maana kuisikiliza stesheni ile kulikuwa kosa.

Jumapili ile mnara ulinyamaza, ikaingia kelele nyingine ya kukwaruza. Hiyo fremu haikuiweza, maana ilipitia nyaya za umeme. Ilikuwa mota ya Gencho ya kunolea visu.

Tsanko aliingia kwetu bila kubisha hodi.

"Zima."

"Taratibu, jirani. Acha iwake kidogo," Gencho alisema kwa sauti ya chini, akimwonyesha dirisha kwa macho.

"Nimesema zima, punda wewe. Mama anasubiri jina."

Hakungoja jibu. Alimpiga ngumi ya pua, akamkamata nywele na kumbamiza uso mezani. Nilimrukia mgongoni, akanitupa kwenye jiko, nikaungua mkono. Kisha akang'oa waya wa mota.

Kukawa kimya. Velika ni mzito wa kusikia, redio alikuwa ameifungulia sauti yote, na sauti ikapenya ukutani: "Lyuben Tsvetkov, wa Berkovitsa."

Gencho akatema jino. "Docho yuko chini ya dirisha lenu, ametega sikio. Niliwasha ili asisikie, mwehu wewe."

Docho ni polisi wetu. Tsanko alikimbia, nami nyuma yake, lakini mlango wao ulikwisha kuvunjwa kwa mateke. Docho na wenzake wawili walimpiga Tsanko kwa fremu ileile mpaka mbao zikaisha mikononi mwao, wakaendelea kwa mikanda. Niliwachukia, na nilimchukia Tsanko pia. Velika alipojitupa katikati, walimpiga kofi akaanguka sakafuni.

Alilala pale, damu inamtoka mdomoni, akamtazama Docho kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, mimi sisikii vizuri. Na wewe umelisikia jina, siyo?"

"Nimelisikia, mama," Docho akasema, kisha akampiga teke la mbavu.