Mbu Waliokataa Kuniuma

Nilikuwa mgeni katika maabara ya mbu hapa Msambweni. Niliambiwa nichague mbu majike, niwatie tunduni, kisha niwalishe damu ya mkono wangu ili watage. Nikachagua wenye manyoya mengi kichwani, nikidhani ni mapambo ya kike. Nikautia mkono, wala hakuniuma hata mmoja. Basi nikajigamba kwamba damu yangu ina kinga, hata mpishi wetu akaniomba nimsomee dua mwanawe mwenye homa. Nikamsomea!

Jana msimamizi wetu, Bi Mwanasha, alichungulia tunduni mbele ya wageni kutoka Diani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbu dume hanywi damu. Humu umejaza madume matupu. Hayo mayai utayataga wewe?"