Kaburi Tulilooneshwa Ibra

Kwa miaka arubaini na ushei, kila Idi ya Mfunguo Mosi, tulikuwa tukitoka Nizwa, hapa Oman, kwenda Ibra kumsomea babu Fatiha. Mwanzo tulikwenda kwa gari la kuazima, baadaye kwa gari la baba, na baba alipofariki nikawa nakwenda peke yangu. Watu wa Ibra hawana sana mazoea ya kuzuru makaburi siku ya Idi. Walikuwa wakituangalia kama watu waliopotea njia. Sisi tumezaliwa Tabora, tumekuja na mambo yetu, na hilo lilikuwa mojawapo.

Babu alikuwa askari. Alizaliwa Ibra, akaenda Tabora angali kijana kusaidia duka la ami yake, akaoa huko, akamzaa baba. Vita vikuu vya pili vilipopamba moto akajiandikisha katika jeshi la Mwingereza, akafanywa dereva wa lori, akapelekwa Bama kwenye mapigano na Wajapani. Akarudi mzima. Halafu siku moja, baba akiwa na miaka minane, babu akapanda treni ya kwenda pwani ili aje Oman "kuwatazama wazee mara moja." Mara moja hiyo haikwisha. Hakurudi, wala hakuandika.

Baba aliishi na swali moja maisha yake yote, na alinirithisha mimi pamoja na saa yake ya mkono: yule mtu alituacha, au alishindwa kurudi?

Oman ilipofunguka kwa watu wake walioko nje, sisi nasi tukaja. Baba alitafuta jamaa zake Ibra akawapata. Walimchinjia mbuzi. Walimtolea ushahidi wa ukoo mpaka akapata karatasi zake zote. Wakamwambia, kwa upole kabisa, kwamba baba yake amekwishafariki, na baada ya sala ya alasiri wakampeleka makaburini wakamwonesha. Baba alilia sana, lakini alirudi Nizwa amepata nguvu. Kwake jibu lilikuwa hilo: kifo ndicho kilichomzuia. Alikufa akiamini hivyo, na mimi sikuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Nilipostaafu kazi ya ufundi wa pampu za maji, nyumba ilikuwa imekwishanielemea. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mitatu nyuma. Binti yangu yuko Maskati, hunipigia simu kila Ijumaa, tunasalimiana kwa Kiswahili, kisha yeye anahamia Kiarabu na mimi namfuata huko huko. Zilikuwa zikipita siku nne sijasema neno moja la Kiswahili kwa sauti, isipokuwa kuitukana birika ya chai. Upweke humfanya mtu atafute wenziwe hata kwa wafu. Nikaanza kumtafuta yule askari.

Nilikuwa na picha moja na cheti chake cha kuachishwa jeshi, vitu ambavyo bibi alivihifadhi katika sanduku la bati Tabora hadi baba akaja navyo. Cheti kinasema urefu futi sita, kovu kidevuni, tabia njema sana. Nilikisoma mara nyingi, na kila nikikisoma nakasirika. Jeshi la Mwingereza lilimjua babu yangu kuliko sisi. Sisi hatukujua hata kama alikuwa akipenda sukari nyingi au kidogo.

Nikasikia kwamba mjini Sur yuko mzee aliyekulia Unguja, ambaye marehemu baba yake naye alikwenda Bama. Nikawasha gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tafadhal, ingia ndani, jua kali."

Aliishika picha karibu na pua, akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu simjui, wallahi nisikudanganye," alisema. "Lakini najua alivyorudi, maana wote walirudi namna moja. Baba yangu alikuwa hawezi kukaa chumba chenye watu. Mtoto akilia, yeye hutoka nje. Marehemu mama akisema, 'Nimempeleka mume, nimerudishiwa mwengine.'"

Niliondoka Sur na maneno hayo, na njia nzima sikufungua redio. Nilimwonea huruma babu kwa mara ya kwanza. Nikaona haifai askari wa namna ile alale bila ya jina lake. Nikaenda Bahla kwa mfinyanzi, nikamtengenezesha kibao kidogo cha udongo chenye jina la babu na neno moja chini yake: Bama. Mfinyanzi aliniangalia kwa jicho la pembeni lakini akakifanya.

Siku niliyokipeleka Ibra haikuwa Idi, na makaburini alikuwapo mtu mmoja tu, mzee mwenye sepetu akiziba shimo kando ya ukuta. Nilipopiga magoti na kuanza kuchimbua kwa mikono ili nisimamishe kibao changu, akaja mbio mbio.

"Unafanya nini, ya akhi?"

Nikamweleza: babu yangu, askari, miaka yote hii bila ya jina.

Alinisikiliza mpaka mwisho, nashukuru. "Kwanza," alisema, "sisi hapa hatuandiki makaburi. Pili, huyu ni mwanamke."

Nilimcheka. Akaniomba nihesabu mawe. Kaburi lilikuwa na jiwe kichwani, jiwe miguuni, na jiwe la tatu katikati. Akanionesha mengine kwa ncha ya sepetu, moja baada ya moja. Mwanamume mawe mawili, mwanamke mawe matatu. "Hili hata mtoto wa hapa analijua," alisema. Nimeishi Oman miaka hamsini kasoro. Mke wangu nilimzika mwenyewe, lakini siku ile macho yangu yalikuwa yamejaa machozi, wala sikuhesabu kitu.

Nilimwachia mzee yule kibao changu, nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya jamaa, ile ile tuliyochinjiwa mbuzi. Wazee wale wote wamekwishakufa. Amebaki mwanamke mmoja wa miaka sabini na kitu, ambaye siku zote tuliambiwa ni binti wa binamu yake baba. Tulikuwa tukinywa kahawa kwake kila Idi. Mwanawe alinikaribisha, zikaletwa tende, nikaulizwa kwa utaratibu wao kama kuna habari yoyote, nami nikajibu kama inavyopasa kujibu, hakuna habari, alhamdulillah. Nilijibu hivyo huku mikono yangu ina udongo wa makaburini.

Mama yule aliiona mikono. Akamtuma mwanawe nje.

"Nani aliyekwambia?" aliniuliza kwa Kiarabu chao cha Ibra.

"Mawe," nikasema.

Alisogeza sahani ya tende pembeni. Kisha akasema, "Kaa vizuri, ya weld khuy." Maana yake ni mtoto wa kaka yangu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniita hivyo. Hakuwa binti wa binamu. Alikuwa binti wa babu, shangazi yangu mwenyewe, aliyezaliwa hapo Ibra baada ya babu kurudi na kuoa tena.

Aliniambia yote bila ya kuinua macho. Babu alipomposa mama yake shangazi alisema hana mke wala mtoto Afrika. Uongo ule ukakaa, ukawa nyumba, watu wakazaliwa ndani yake. Siku baba yangu alipobisha hodi, babu alikuwa hai, mzima wa afya, yuko chumba cha pili. Aliwaomba ndugu zake: mpeni mwanangu kila kitu, jina, ukoo, ushahidi, mchinjieni, lakini mimi mwambieni nimekufa. Walikataa. Akawalilia. "Nilikuwa msichana," alisema shangazi, "sijapata kumwona baba akilia, wala sikumwona akilia tena."

"Kwa nini basi kaburi la mwanamke?"

"Kwa sababu waliona haya," alisema. "Hawakutaka kusema uongo mzima. Walimpeleka baba yako penye mawe matatu ili aone mwenyewe, ajue anadanganywa, arudi hapa na hasira zake auvunje mlango. Kila mtu angeona. Hata baba mwenyewe, babu yako, alijua wanampeleka wapi. Alikaa nyuma ya mlango akimngoja."

Na baba yangu, mtoto wa Tabora, akarudi amevimba macho, akawabusu wazee wale vichwa na kuwashukuru.

Shangazi alisema babu aliishi miaka tisa zaidi. Nilihesabu: Idi tisa. Tulikuwa tukikaa katika chumba kile kile nilichokuwa nimekaa, baba akihadithia habari za Tabora, mimi nikimaliza halua, na mlango ule pale, hatua nne. Babu hakupata kuufungua. Tulipokuwa tukiondoka alikuwa na swali lile lile kila mwaka, akimwuliza bintiye: "Amesema nini?" Shangazi humweleza neno kwa neno. Naye husema "Haya," kwa Kiswahili, kisha hazungumzi na mtu mpaka kesho yake.

Nilitaka kumkasirikia shangazi nikashindwa. Naye alikuwa peke yake na siri ile tangu wazee wafe, na sasa alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Alinielekeza kaburi lilipo, safu ya tano kutoka ukutani. Sikwenda. Nilikuwa sijui nikamsomee nini.

Njiani kurudi Nizwa nilisimamisha gari kando ya barabara, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri. Sasa nilikuwa na jibu la swali. Hakushindwa kurudi, hakuzuiliwa na kifo wala bahari. Alizuiliwa na mlango wa mbao usiokuwa na kufuli. Nikatafuta mtu wa kumpigia simu. Binti yangu angesema maskini, halafu angeniuliza kama nimekula. Aliyekuwa akilitaka jibu hili kuliko wote duniani ni mmoja tu, na nikajikuta, kwa mara ya kwanza tangu nimzike kwa mikono yangu, namshukuru Mungu kwamba baba amekufa.