Meza ya Ofisi Imelala Miguu Juu

Jamani, leo mgeni wa wilaya kachomwa kibanzi mbele ya kijiji kizima, na meza nimeitengeneza mimi!

Ngojeni kwanza.

Mwenyekiti wetu hapa Kenyamonta alisema kijiji cha ujamaa hakimwachii fundi kazi yote. Meza ina miguu minne, mabalozi wa nyumba kumi wako wanne. Kila balozi na watu wake wapige msasa mguu wao na kuupaka mafuta.

Mashindano yake sasa! Balozi Chacha kaleta mafuta ya pamba. Balozi Bhoke, mama wa watu, kajibu kwa samli. Miguu inang'aa, unajiona hadi meno.

Leo mgeni kaweka kiganja juu ya meza.

"Uwii!"

Mwenyekiti kanigeukia. "Fundi, huku juu kulikuwa kwa nani?"

"Kwa wote, Mwenyekiti."



Chacha akadakia: "Ipindueni, mheshimiwa aone mguu wetu!"

Wakaipindua kweli. Mgeni katia saini kitabu cha wageni mapajani, nzi wamejaa kwenye mguu wa samli.

Hebu niambieni: nipige msasa huko juu, au nitaambiwa nimewanyang'anya wote?